Nani Atakesha na Barabara?

Alfajiri ya tarehe 11 Februari, 2021, mvua yenye kuganda papo hapo igusapo lami ilinyesha katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani. Katika barabara kuu ya 35 Magharibi magari zaidi ya 130 yaligongana na kurundikana. Watu 6 walifariki dunia, na makumi ya wengine walijeruhiwa.

Msomaji wa mkoa wetu, ambaye barafu aijuayo ni ile ya kileleni Kilimanjaro na ile ya kwenye jokofu, aweza kuuliza dereva mzima alishindwaje kuiona. Jibu ni kwamba haionekani. Ni utando mwembamba kama kioo, na rangi ya lami hupenya kupitia humo, hata mtu akadhani barabara ni kavu. Pale Fort Worth, muda usiofika saa moja kabla ya ajali, wafanyakazi wa kampuni iliyokabidhiwa barabara hiyo waliikagua wakaona haihitaji kushughulikiwa tena. Maji ya chumvi ya kuzuia barafu yalikuwa yamemwagwa kiasi cha siku mbili nyuma.

Sayansi imekwisha kulipatia jambo hili jicho jingine. Ni chombo kinachofungwa juu ya nguzo kando ya barabara, na ambacho huangaza lami kwa miale ya infraredi isiyoonekana na binadamu. Maji hufyonza miale ya aina moja na barafu ya aina nyingine. Hivyo, kwa kupima ile inayorudi, chombo hutambua kama lami ni kavu, imelowa au imeganda, na hata unene wa utando wenyewe. Vaisala, kampuni ya Ufini iliyoanzishwa mwaka 1936, ni miongoni mwa watengenezaji wake. Lami haichimbwi, tofauti na vile vyombo vinavyofukiwa barabarani. Hata hivyo jicho hili huona kipande kidogo tu, na kioo chake kikirukiwa na matope na chumvi sharti kifutwe. Kwa hiyo lazima awepo mwenye kuamua liwekwe wapi. Waliobobea hawasiti: huanza na madaraja, kwa kuwa hewa baridi huyapita juu na chini, nayo huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya ardhi.

Ajali ya Fort Worth ilitokea katika sehemu iliyoinuliwa namna hiyo hiyo. Aidha, ilitokea katika njia za kulipia, ambazo serikali ya jimbo ilikuwa imeikabidhi kampuni binafsi iziendeshe na kukusanya ushuru. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uamuzi wake mwaka 2023, ikasema waziwazi kwamba kampuni hiyo haikufuatilia wala kushughulikia ipasavyo hali ya barabara mahali pale.

Hatupingi ushuru, maana barabara hugharimu fedha. Tunachodai ni kwamba apokeaye ushuru amepokea amana, na amana hailindwi kwa kupita mara moja gizani na kutazama. Hapa Afrika Mashariki, Nairobi ina barabara ya kulipia ya mkataba kama huo tangu mwaka 2022. Barafu haiko huko, lakini mvua, mafuta yaliyomwagika na giza vipo. Mikataba ya namna hii huandika kwa wino mzito nani atapokea fedha. Twataka iandike kwa wino huo huo nani atakesha.

Chombo kingeweza kutoa taarifa usiku ule. Baada ya taarifa angehitajika mtu wa zamu wa kuipokea, lori la chumvi lililo tayari, na kibao cha kumwambia dereva apunguze mwendo. Kibao kilichokuwapo kiliruhusu maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120, na kilisema hivyo hivyo jua likiwaka na barafu ikiganda.