Tupeni Bisibisi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Walimu wetu wa somo la Tarakilishi wanajitahidi, na haki yao nawapa. Hata hivyo, kuna jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Tunafundishwa kutumia tarakilishi kama abiria anavyotumia matatu: twapanda, twashuka, na ikiharibika twasimama kando ya barabara kumngoja fundi.

Maoni yangu ni haya: kila anayesoma somo hili, kabla hajamaliza Kidato cha Nne, afungue tarakilishi kwa mikono yake, atoe diski ngumu iliyokufa na kuunganisha nyingine, waya wa umeme na waya wa data.

Nyaya hizi tulizisoma tangu Kidato cha Kwanza. Tulizichora, tukazitia majina, tukapata alama. Ati kuzishika? Hilo hapana! Hata katika mtihani wa KCSE, karatasi ya pili ndiyo ya vitendo, lakini vitendo vyenyewe kwa kawaida ni vya kibodi. Mtu aweza kupata A bila kujua bisibisi inashikwaje.

Hasara yake tunaiona. Katika shule nyingi za kutwa tarakilishi ni chache, na nyingine zilifika zikiwa zimetumika kwingine miaka kadhaa. Diski ngumu ya kawaida ina visahani vinavyozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Chombo cha mbio hizo hakikosi kuchoka. Kikifa, mashine nzima hufunikwa kitambaa kama maiti, nasi twasongamana kwenye zilizobaki. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja apata dakika 10. Wenzetu wa bweni huenda wakarudi maabarani jioni. Sisi wa kutwa, kengele ya mwisho ikilia, ni mguu niponye hadi nyumbani.

Na kazi yenyewe ni ipi hasa? Zima mashine, chomoa waya mkuu ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua kisanduku. Gusa chuma chake kwanza, maana umeme tuli wa mwilini huweza kuharibu vipuri. Katika mashine nyingi za mezani zilizotengenezwa baada ya mwaka wa 2003, diski huunganishwa kwa mtindo wa SATA. Waya wa data ni mwembamba, una pini 7, nao hutoka kwenye ubao mama. Waya wa umeme ni mpana zaidi, una pini 15, nao hutoka kwenye kisanduku cha umeme. Ukichomoa, shika kichwa cha waya, usivute waya wenyewe. Fungua skrubu, toa diski, weka nyingine, rudisha nyaya mbili. Basi!

Jambo la kufurahisha ni kwamba vichwa hivyo vina umbo la herufi L, hivyo haviingii kichwa chini miguu juu. Vikikataa, geuza, usilazimishe. Katika mashine kuukuu zaidi utakuta utepe mpana wa matundu 40, wenye mstari mwekundu upande wa pini ya kwanza. Huo wataka macho zaidi. Zile mpya kabisa huenda diski ikachomekwa moja kwa moja kwenye ubao, bila waya wowote.

Tena, si kila ugonjwa ni kifo. Mashine ikisema haioni diski, pengine ni waya uliolegea tu. Mwanafunzi anayejua hilo atauchomoa na kuuchomeka tena kabla shule haijatoa hata shilingi moja.

Najua wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema umeme utatuua. Nakubali kwamba umeme wa ukutani, wenye volti 240, si wa kuchezewa. Lakini tumeshauchomoa, na kisanduku cha umeme chenyewe hatukifungui kamwe. Nyaya ziendazo kwenye diski hubeba volti 12 na 5 na kushuka. Wa pili watasema tutaharibu. Jamani, diski iliyokufa itaharibikaje tena? Tuanzie kwa hiyo! Wa tatu watasema vipuri vitaibwa. Hofu hiyo ina msingi, nami sitaidharau. Hata hivyo, dawa yake ni daftari: kila kipuri kiwe na nambari, kitolewe kwa saini na kurudishwa kwa saini. Mbona maabara ya Kemia inafanya hivyo na chupa zake?

Basi ombi langu kwa wakuu wa shule ni dogo. Mashine moja iliyokufa itengwe iwe ya kujifunzia. Zinunuliwe bisibisi mbili tatu. Kila muhula tupewe kipindi maradufu kimoja cha kufungua na kufunga, mwalimu akiwepo. Na jambo hili nalitilia mkazo: wasichana nao washike bisibisi, wasiachiwe kazi ya kupangusa vumbi huku wavulana wakifungua skrubu.

Sidai kuwa diski ikishaunganishwa kazi imekwisha. Bado kuna kuweka programu upya, na faili ambazo hazikunakiliwa mapema huenda zisipatikane tena. Lakini mtu hajifunzi kuogelea akiwa amesimama ufuoni. Fundi wa jua kali tunayemlipa leo alikuwa mwanafunzi jana, tofauti ni kwamba yeye kuna aliyempa bisibisi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tuko tayari kuinama. Tupeni bisibisi!