Mswada wa Pili
Mtunzi mmoja wa milimani Upare, ambaye mswada wake wa kwanza ulirejeshwa na mchapishaji kwa barua ya mistari miwili, nilimkuta stendi ya Same akisubiri basi la Dar es Salaam, ameukumbatia wa pili ndani ya bahasha ya kaki, akaniuliza kama si utovu wa haya kubisha hodi tena katika mlango uleule. Nami, kwa kuwa kwetu mawakala wa waandishi ni adimu na mtunzi hana budi kuwa mjumbe wa nafsi yake, nilimjibu kwa mfano wa ndiva, birika la wazee wa Upare likusanyalo maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe yafike mashambani kwa nguvu, wala yasinywewe na mchanga njiani. Vivyo hivyo mtunzi aliyerudishiwa kazi hujikusanya kwanza, kisha huja na nyingine kwa nguvu, kwani aliyeukataa mswada hakumkataa mtunzi. Na mlango huo si wa pekee: tangu 2022 ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Basi, ndugu mtunzi, andika barua fupi yenye staha, eleza kazi mpya ni ipi, ya kale usiyalalamikie, kisha peleka.