Mgeni njoo, mwenyeji apone: likizo ya bei nafuu Pwani yamfaa nani?

Kila shule zinapokaribia kufungwa, simu yangu haitulii. Jamaa walio Nairobi, Nakuru na Eldoret huuliza swali lile lile: mwaka huu tuwalete watoto wapi kwa bei tunayoiweza? Diani au Lamu? Watamu au Mji wa Kale wa Mombasa? Wengi huniuliza wakidhani mtu wa Pwani ana orodha ya hoteli za bei rahisi mfukoni. Sina orodha hiyo. Nilicho nacho ni hesabu, na hesabu hiyo inahusu mkoba wa mgeni na pia riziki yetu sisi wenyeji.

Tuanze na nauli, kwa sababu ndiyo gharama ambayo haikwepeki. Tangu Januari 2024, tiketi ya daraja la kawaida ya treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500, kutoka 1,000. Daraja la kwanza lilipanda kutoka 3,000 hadi 4,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hivyo baba, mama na watoto watatu wa umri huo watatumia shilingi 5,250 kuja na nyingine 5,250 kurudi. Jumla ni 10,500 kabla hujanunua hata chupa ya maji. Daraja la kwanza, familia hiyo hiyo italipa 31,500. Tofauti ya 21,000 kwa safari ya saa tano au sita hivi si ndogo. Kwa pesa hizo familia yaweza kulala siku kadhaa katika nyumba ya wageni isiyo na makuu.

Kumbuka pia kwamba treni haikufikishi mjini. Hukushusha Miritini, na hapo utatafuta matatu au teksi. Anayekwenda Diani ana kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Anayekwenda Watamu au Malindi ana kilomita mia moja na ushei kuelekea kaskazini. Anayekwenda Lamu ana siku nzima ndani ya basi, vizuizi vya polisi vya kuonyesha vitambulisho, kisha mashua kutoka Mokowe. Hoteli iliyo mbali kwa bei ya chini yaweza kumaliza nafuu yake yote barabarani.

Sasa tuje kwenye malazi. Matangazo ya hoteli za ufuoni huandika bei kwa herufi kubwa na masharti kwa herufi ndogo. Soma hizo ndogo. Mara nyingi bei iliyotangazwa ni ya mtu mmoja kwa usiku mmoja, tena kwa sharti kwamba mnalala wawili chumbani. Familia ya watu watano ikizidisha kwa usiku nne, ile bei tamu hugeuka shubiri. Hoteli nyingi huuza kila kitu pamoja: kitanda, chakula cha mara tatu, vinywaji na michezo. Mpango huo wamfaa anayekula sana, anayekunywa pombe na asiyetaka kutoka nje. Mimi ni Muislamu. Siinywi pombe hiyo, na sioni kwa nini niilipie iliyofichwa ndani ya bei ya chumba. Familia kama yangu na ikatae fungu zima, ichukue chumba na kiamsha kinywa pekee, au ikodi nyumba yenye jiko.

Upande wa pili ni miji ya kale, na hapa ndipo wageni wengi wa bara hukosa habari. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, makaya ya Wamijikenda 2008, Ngome ya Yesu 2011, na magofu ya Gedi Julai 2024. Maeneo manne ya hadhi hiyo katika ukanda mmoja wa pwani! Kiingilio cha raia katika maeneo yanayosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni wa ng'ambo. Beba kitambulisho tu.

Mzazi anayetaka mtoto wake ajifunze atapata nini huko? Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698, na Waingereza wakaja kuifanya jela. Ni kurasa tatu za kitabu cha historia ndani ya ukuta mmoja. Gedi ni mji wa Waswahili wenye msikiti wa Ijumaa, jumba la kifalme, visima na vyoo vya mawe, uliohamwa karne ya 17. Mtoto aliyeambiwa shuleni kwamba ustaarabu ulikuja na meli za Wazungu, mpeleke Gedi asimame mbele ya kibla cha msikiti ule. Hutahitaji kumwambia mengi.

Na chakula? Asubuhi mahamri kwa mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni mishkaki, viazi karai na kahawa chungu barazani. Familia hushiba kwa pesa ambazo hoteli ya ufuoni ingetoza sahani moja au mbili. Chakula ni halali, msikiti uko hatua chache, na adhana utaisikia kitandani.

Lakini sitaki nionekane nawapigia debe watu wa mjini peke yao. Miji ya kale ina taabu zake. Vichochoro vina joto, maji ya mfereji hukatika, na mtoto aliyeahidiwa bahari atalia siku ya pili. Lamu nayo ilipata pigo kubwa la usalama: utekaji nyara wa wageni 2011, kisha mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014. Hali imebadilika mno na barabara ya kutoka Garsen imetiwa lami, ila anayesafiri na familia na apite mchana na aulize habari za njia kabla ya kuondoka. Hoteli za ufuoni nazo zimeajiri vijana wetu kwa maelfu, wapishi, watunza bustani, wanamuziki na madereva. Anayeziombea zifungwe hajui ni nyumba ngapi Ukunda na Kisauni hulala njaa zikifungwa.

Tena kwetu hapa mgeni halazimiki kuchagua kati ya bahari na historia. Magofu ya Gedi yako karibu na fuo za Watamu. Jumba la Mtwana limekaa juu ya bahari pale Mtwapa. Diani kwenyewe, mahali mto Mwachema unapoingia baharini, uko Msikiti wa Kongo, wa karne nyingi na bado unasaliwa. Ukilala Mji wa Lamu, Shela na ufuo wake mrefu haifiki saa moja kwa miguu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: lala mahali penye bei ya wenyeji, kisha ifuate bahari mchana. Bahari haitozi.

Au ingepaswa isitoze. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinataja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna hoteli wala tajiri anayemiliki ufuo. Lakini nenda kautafute huo ufuo wa umma. Utakuta njia iliyotumiwa na wavuvi tangu enzi za mababu imejengwa ukuta, au imewekwa lango na bawabu anayekuuliza umekuja kumuona nani. Mimi mwenyewe nimezuiwa katika njia niliyokuwa nikipita utotoni na ndoo ya dagaa kichwani. Mtu akizuiwa kufika kwenye ardhi yake ya umma bila kulipia chumba cha hoteli, maana yake ni kwamba haki ile ya Katiba imewekewa bei. Likizo ya bei nafuu itakuwa ndoto kwa Mkenya wa kawaida hadi njia hizo zifunguliwe, na kuzifungua hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji ramani za ardhi, trekta na ujasiri wa serikali za kaunti.

Kuna sababu nyingine ya kujali. Mei 2014, Uingereza ilipowatahadharisha raia wake kuhusu Mombasa, mamia ya watalii walirudishwa kwao kwa ndege katika siku chache. Machi 2020, corona ilipofunga anga, hoteli zilibaki tupu. Mara zote mbili uamuzi ulifanywa mbali na sisi, na aliyelala njaa alikuwa mchuuzi wa Bamburi. Aliyerudi wa kwanza baada ya corona alikuwa Mkenya, na watoto wake na mkate wa safari kwenye mfuko. Huyu ndiye mgeni asiyesubiri ruhusa ya balozi. Mbona basi tunamuweka nyuma ya foleni?

Hapa nasi wenyeji tujiangalie. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji amkamue. Mwenye mashua hubadilisha bei akisikia lafudhi ya bara. Tuktuk hudai mara mbili kwa aliyebeba begi. Mwelekezi asiyeitwa hufuatana na familia mpaka mama achoke amlipe ili aondoke. Mgeni wa namna hiyo akirudi kwao hasimulii uzuri wa Gedi, husimulia jinsi alivyoibiwa mchana. Vyama vya wenye mashua na tuktuk vikiandika bei ubaoni, gatini na stendini, vitapata wateja wengi kuliko tangazo lolote la redio.

Na ziko nyumba zenyewe za mawe. Kutunza nyumba ya matumbawe na boriti ni ghali, na urithi wa watoto wanane hauna anayetaka kutoa pesa ya chokaa. Wengine huuza, na mnunuzi huwa mtu anayekuja wiki mbili kwa mwaka. Chumba kimoja kikikodishwa kwa wageni, nyumba yaweza kujikarabati na familia ikabaki ndani. Lakini nyumba zote za mtaa zikigeuzwa za wageni, mtaa hubaki bila watoto wa madrasa na msikiti bila saffu. Tutakuwa tumeuza mji ili kuulinda. Kaunti za Mombasa na Lamu ziweke mpaka mapema, kabla kodi haijawafukuza wenye mji.

Kwa anayesubiri jibu la simu, nalitoa hapa. Ukiweza, usije Krismasi na Mwaka Mpya. Bei hupaa na vyumba hujaa. Likizo ya Agosti ni nafuu zaidi. Upepo wa kusi huleta ubaridi na bahari huchafuka, mwani hutapakaa ufuoni, lakini hewa ni nzuri kwa kutembea magofu. Aprili na Mei ni rahisi kuliko zote, ila beba mwavuli, kwani masika haina adabu. Tazama mwezi kabla ya kufunga mizigo: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne na saa tano asubuhi, watoto wakatembea mbali wakiona kaa na visamaki, kisha hujaa alasiri wakaoga. Uliza bei ya chumba, si ya kichwa. Vaa kwa heshima mjini, na usimpige picha mtu bila idhini yake.

Siku tatu Mombasa na siku mbili Watamu, kwa daraja la kawaida la treni na chakula cha mtaani, ni likizo inayowezekana kwa mwalimu au mwenye kibanda cha Mpesa. Pesa hizo zitapita mikononi mwa mama wa mahamri, mwenye tuktuk, mlinzi wa makavazi na mwenye nyumba ya urithi. Shilingi ikipita mikono hiyo, mwenyeji naye atakuwa amepona.