Binti Anayetaka Uuguzi: Diploma au Digrii?

Juma lililopita nilipata barua ya mzee mmoja, mkulima wa chai wa upande wa Kisii. Binti yake amemaliza shule ya sekondari na kupata C+ katika mtihani wa KCSE, naye ametamani kazi ya uuguzi tangu utoto wake. Sasa nyumba imegawanyika. Mama asema binti aende akasome diploma ya miaka 3, kwa kuwa nyuma yake wako wadogo wanne wanaongoja karo. Baba mdogo asema la, mtoto mwenye C+ haendi kwingine ila chuo kikuu, akapate digrii kama kijana wa jirani. Bonasi ya chai ni moja tu, na mzee aniuliza aipeleke wapi.

Swali lake ni la haki, wala si lake peke yake. Lakini kabla ya kulijibu yanipasa niulize jingine ambalo yeye hakuliuliza: je, chuo chenyewe kimekubaliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya? Ninayo sababu ya kuanzia hapo, nayo yanitia haya kidogo.

Mwaka 2014 mjomba wangu aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili ampeleke binti yake katika chuo kimoja cha uuguzi mjini. Kabla ya kulipa aliniletea karatasi nizisome, maana katika ukoo wetu mimi ndimi karani, na karani hudhaniwa kujua kila karatasi iliyopigwa muhuri. Nikazisoma. Muhuri ulikuwapo, sanduku la posta lilikuwapo, na Kiingereza kilikuwa safi kabisa. Nikamwambia, Mjomba, lipa. Baada ya mwaka mmoja na nusu yule binti akagundua kwamba katika darasa lake hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyeandikishwa na Baraza, kwa kuwa chuo hakikuwa na ruhusa ya kufundisha uuguzi. Fedha hazikurudi, na ng'ombe hawakurudi. Binti akaanza upya mahali pengine, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote. Leo ni muuguzi hodari, lakini mjomba hajaniletea karatasi nyingine nimsomee, wala simlaumu.

Mambo yenyewe ni hivi. Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura 257 ya Sheria za Kenya, yataka kila afanyaye kazi hiyo awe ameandikishwa na Baraza na awe na leseni. Ili aandikishwe ni lazima afaulu mtihani wa Baraza. Na ili aketi katika mtihani huo ni lazima awe amesoma katika chuo kilichokubaliwa, na jina lake liwe limeingizwa katika daftari la Baraza tangu mwanzo wa masomo. Chuo chaweza kuwa na kibali halali cha kufundisha mambo mengine mengi, kisiwe nacho cha uuguzi. Tena chaweza kuwa na ruhusa ya diploma, kisiwe na ruhusa ya digrii. Baraza hutangaza orodha ya vyuo vilivyokubaliwa. Itazame orodha hiyo, usitazame tangazo la chuo.

Sasa twende kwenye swali la mzee. Diploma ya uuguzi hutaka wastani wa C katika KCSE, na huchukua miaka 3. KMTC huifundisha katika matawi yake mengi yaliyoenea nchini. Digrii hutaka C+ au zaidi, na huchukua miaka 4, kisha mwaka 1 wa kazi ya mazoezi hospitalini. Kwa zote mbili hutazamwa pia alama za masomo yenyewe: Biolojia, Kemia, Kiingereza au Kiswahili, na Hisabati au Fizikia. Basi mtoto aliyepata C+ yake kwa Historia na Dini, na Kemia ikamshinda, asishangae akikataliwa.

Mtu akiisha kupata leseni, mgonjwa kitandani hatamwuliza ana karatasi gani. Wa diploma na wa digrii husimama katika wodi ile ile, huchoma sindano zile zile na kuzalisha mama yule yule. Tofauti iko kwingine. Wa digrii hufundishwa zaidi mambo ya utafiti, uongozi na ualimu wa uuguzi. Akiajiriwa na Serikali huanza katika daraja la juu zaidi la mshahara. Na akitaka digrii ya pili, njia yake ni fupi. Hayo si mambo madogo, na baba mdogo ana haki ya kuyataja.

Hata hivyo liko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mwenye diploma aliyekwisha kuandikishwa aweza baadaye kuingia chuo kikuu na kuipata digrii kwa muda mfupi kuliko yule anayeanza, na wako wengi wafanyao hivyo huku wakiwa kazini. Lakini nusu ya digrii haigeuki kuwa diploma. Kijana akiishiwa na karo katika mwaka wa tatu wa chuo kikuu, hana la kumpelekea Baraza, wala hawezi kuketi mtihani. Kwa hiyo mzee asihesabu karo ya mwaka wa kwanza, ambayo bonasi yaweza kuilipa na chenji ikabaki. Ahesabu miaka yote 4, chakula na kitanda, na ule mwaka wa mazoezi, ambao vijana wengine wameungoja kwa miezi mingi kabla ya kupangiwa hospitali. Bodi ya mikopo, HELB, huwasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu na wa KMTC pia, lakini mkopo haulipi kila kitu, na hurudishwa.

Tena asimwahidi binti kwamba cheti ni kazi. Tangu mwaka 2013 wauguzi wengi wa Serikali huajiriwa na kaunti, na kaunti huajiri kwa kadiri ya mfuko wake. Katika mwaka 2017 wauguzi waligoma kwa muda wa miezi mitano hivi. Wako waliokwenda ng'ambo. Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya jambo hilo mwaka 2021.

Na binti mwenyewe, katika miezi hii ya kungoja, afanye nini? Nilimwuliza binti wa mjomba, akanijibu neno moja: hesabu. Daktari akiandika kwamba mgonjwa apewe maji ya mshipani mililita 1,000 kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Matone ni 20,000, dakika ni 480, jibu ni karibu 42. Muuguzi hulitafuta usiku wa manane, na mgonjwa wa pili anaita. Mkulima ajua jambo hili kwa dawa ya kupe: ikiwa nyepesi kupe hafi, ikiwa kali yamdhuru ng'ombe. Kwa mtoto mchanga, nukta ikisogea mahali pamoja tu, dawa huwa mara kumi.

Aanze pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa sababu hutolewa mara tatu na huchukua miezi 6 kumalizika. Anunue saa yenye mshale wa sekunde. Kisha aende kwenye zahanati ya karibu, amwombe muuguzi mkuu kwa adabu amweleze kazi ya siku moja ilivyo, pamoja na kuosha vidonda na kumgeuza mzee asiyeweza kujigeuza. Wavulana nao wafanye vivyo hivyo, maana kazi hii ni yao pia.

Basi, Mzee, ikiwa bonasi, mkopo na ndugu zako pamoja vyatosha kwa miaka yote, mpeleke chuo kikuu. Ikiwa hata mwaka mmoja una mashaka, fuata neno la mama yake, na digrii ataitafuta mwenyewe akiwa na leseni mkononi. Niandikie jina la chuo kilichompa barua, nami safari hii nitaangalia orodha kabla ya kuangalia muhuri.