Haki Isigharimu Kuliko Kodi



Kulipa kodi ni wajibu wa kila raia, na Kanisa halijaacha kufundisha hivyo. Zahanati, barabara na madawati ya shule havishuki kutoka mbinguni kama mana. Lakini mafundisho hayo hayo humwekea mipaka mtoza kodi. Mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, Baba Mtakatifu Leo XIII alionya kwamba mali ya mtu isimalizwe kwa kodi zilizopita kiasi. Mwaka 1961 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika Mater et Magistra, alisisitiza kwamba mzigo wa kodi hauna budi kulingana na uwezo wa mlipaji. Nasi twaamini kwamba uwezo huo haupimwi kwa kiwango cha kodi peke yake. Hupimwa pia kwa gharama ya kurekebisha kodi iliyotozwa kimakosa.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo katika nchi yetu ya Tanzania imekuwa ikikatwa kwa njia ya mita ya umeme, mtu anaponunua LUKU. Kwa nyumba ya kawaida makato yalianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 yakapandishwa hadi shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Utaratibu huu una manufaa yake. Umepunguza foleni, na umemwondolea mwananchi wa kawaida haja ya kubishana na mthamini juu ya thamani ya nyumba yake.

Hata hivyo, mita haina macho. Haijui kama anayenunua umeme ni mwenye nyumba au mpangaji, ingawa serikali yenyewe ilieleza kwamba kodi hii ni ya mwenye nyumba. Haijui kwamba mkaaji ni mzee aliyetimiza miaka 60, anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, ambaye sheria imempa msamaha. Haijui kwamba mita mbili ziko ndani ya nyumba moja, iliyokusudiwa kulipa mara moja. Kwa kosa la namna hiyo, familia hulipa 36,000 badala ya 18,000 kila mwaka.

Je, mwenye kukosewa afanye nini? Hana budi kukusanya vielelezo, kutoa nakala, kupata barua ya serikali ya mtaa, kupanda basi hadi ofisi ya kodi, na pengine kurudi tena na tena. Kibarua akikosa kazi siku mbili, amekwisha kupoteza zaidi ya kile anachokidai. Ngazi za juu ni nzito zaidi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, mwenye kuwasilisha pingamizi hutakiwa kwanza kulipa theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna akimpunguzia. Baada ya hapo iko Bodi ya Rufani za Kodi. Ngazi hizi zilijengwa zikimfikiria mfanyabiashara mwenye mhasibu na wakili. Bibi mwenye vyumba viwili hazipandi. Hunyamaza, akalipa. Na kosa ambalo hakuna awezaye kumudu kulisahihisha hugeuka kuwa sheria.

Wapo watakaosema kwamba shilingi 1,500 ni kitu kidogo. Kwa nani? Na kama haba na haba hujaza kibaba cha serikali, basi haba na haba hukausha kibaba cha maskini. Wengine wataogopa kwamba njia ikirahisishwa, wadanganyifu watajaa. Lakini mjumbe na viongozi wa mtaa wanajua nani anaishi wapi na ana umri gani. Mwongo na aadhibiwe; mkweli asilipishwe nauli kwa ajili yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, malalamiko ya kodi ya majengo yapokelewe bure katika ofisi ya kata, kwa fomu moja ya Kiswahili. Pili, iwekwe siku maalumu ya kujibu, na ikipita bila jibu, makato yasimame hadi shauri liamuliwe. Tatu, fedha iliyokatwa kimakosa irudishwe kwa njia ile ile iliyochukuliwa, yaani kama umeme katika mita. Nne, wazee wenye msamaha watambuliwe kwa kumbukumbu ambazo serikali tayari inazo, wasilazimishwe kwenda kujieleza.

Nasi tusikae tukisubiri. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iulize ni wazee wangapi wanakatwa wasichostahili. Tuwafundishe watu kutunza risiti za LUKU. Parokia ipeleke malalamiko ya wengi kwa pamoja, ili nauli ya mtu mmoja itumikie watu ishirini. Wenye nyumba walio miongoni mwetu wawarudishie wapangaji makato hayo katika kodi ya pango, bila kusubiri kudaiwa.

Yule mjane wa Injili ya Luka alimrudia kadhi mara nyingi hata akasikilizwa. Twamsifu kwa udumifu wake. Lakini aibu ya safari zile zote ilikuwa ya kadhi. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi twasema: mpeni haki yake pale pale mtaani kwake, wala msimtoze nauli ya kuifuata.