Mwalimu Kwanza, Ukuta Baadaye: Maoni Juu ya Shule Ndogo za Watu Binafsi

Kila mwaka vyuo vya ualimu nchini hutoa walimu wengi kuliko nafasi za ajira zinazotangazwa na Serikali. Kwa hiyo si ajabu kwamba miongoni mwa wanachuo wamo ambao, hata kabla ya kumaliza mazoezi ya kufundisha, hujiuliza kama hawawezi kuungana watatu au wanne wakaanzisha shule ndogo ya msingi iliyo yao wenyewe. Huku kwetu Nemba na vijiji vya jirani wilayani Biharamulo fikra hiyo ina mvuto wa pekee, maana miji midogo ya barabarani inakua upesi. Mtu akisimama Nyakanazi, mahali ambapo barabara itokayo Kahama huachana, mkono mmoja ukielekea Kibondo na Kigoma na mwingine ukielekea Rusumo mpakani, ataona jinsi maduka, gereji na nyumba za wageni zinavyoongezeka. Palipo na wafanyabiashara na madereva pana watoto, na penye watoto wengi hapakosi mzazi anayeuliza shule nyingine iko wapi.

Sisi hatuwapingi wanachuo wenye nia hiyo. Tunalopinga ni utaratibu ambao umekwisha kuwa desturi, yaani kuanza na ukuta. Mwanzilishi hutafuta kiwanja, akajenga madarasa mawili, akayapaka rangi inayong'aa, akasimamisha kibao barabarani chenye maneno ya Kiingereza, akachagua sare na pengine akakopa gari la kubebea watoto. Baada ya hayo yote, fedha zikiwa zimekwisha, ndipo hutafuta mwalimu, naye humtafuta wa bei nafuu. Mwalimu huyo huondoka mwezi wa tano. Wa pili huondoka kabla ya Desemba. Mtoto wa Darasa la Kwanza aliyefundishwa na walimu watatu kwa mwaka mmoja hajui kusoma, na rangi ya ukuta haimsaidii.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba shule isiyo ya Serikali si jambo geni katika nchi hizi. Katika miaka ya 1950 Chama cha Wazazi, TAPA, kilianzisha shule nyingi Tanganyika kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi katika shule za Serikali na za misheni. Nyingi zilikuwa za miti na udongo. Baadaye Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya hiari chini ya Serikali, na kwa muda mrefu elimu ya msingi ikawa karibu yote ni ya umma. Sheria Namba 25 ya mwaka 1978 ndiyo iliyofuata, na marekebisho yake ya mwaka 1995 yakawafungulia watu binafsi mlango. Sheria hiyo humtaka mwenye shule na meneja wake waidhinishwe, shule isajiliwe na Kamishna wa Elimu, na kila anayefundisha awe amesajiliwa au ana leseni. Twayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba usajili ni karatasi ya kufuatia shule ikiisha kusimama. Mtoto aliyesoma katika shule isiyosajiliwa hufika wakati wa mtihani hana pa kuandikishwa, akaanza kutafutiwa nafasi kwa jirani kwa mlango wa nyuma. Ni dhuluma kumfanyia hivyo mtoto ambaye hakuchagua chochote.

Majirani zetu wa Kenya wana historia ya kujifunza. Wakikuyu waliojitenga na misheni baada ya mgogoro wa mwaka 1929 walianzisha shule zao huru, zikajengwa na kulipiwa na wazazi. Upesi zilikwama, wala si kwa kukosa majengo: zilikosa walimu wenye mafunzo. Ndiyo sababu Mbiyu Koinange, aliyerudi mwaka 1938 kutoka masomoni Marekani, alishika kazi ya kuanzisha chuo cha ualimu Githunguri, kikafunguliwa mwaka 1939. Fedha zake zilichangwa na wananchi rika kwa rika, kila rika likitaka lisishindwe na jingine. Serikali ya kikoloni ilifunga chuo hicho mwaka 1952, lakini mpango wenyewe ulikuwa sahihi. Watu wale walitambua kwamba wakiwa na shule nyingi na walimu hafifu wamejenga mabanda tu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa jirani zetu wa Ngara, nao twauona kuwa bora kuliko yote, ingawa ulitokana na msiba. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakakusanyika Benaco. Hapakuwa na darasa hata moja kwa ajili yao. Hata hivyo katika umati ule walikuwamo walimu, nao wakatafutwa na kuorodheshwa. Shirika la UNESCO, likishirikiana na mashirika mengine, lilileta masanduku ya vifaa vya dharura yaliyokuwa yametungwa kwanza kwa ajili ya Somalia: vibao vya kuandikia, chaki, penseli, madaftari, chati za kitambaa, na kiongozi cha mwalimu. Sanduku moja lilikusudiwa wanafunzi 80, nusu asubuhi na nusu mchana. Kwa vifaa hivyo, na mara nyingi chini ya turubai au mti, masomo yakaanza.

Mwanachuo autazame mpango huo kwa jicho la ualimu. Waliotangulia ni walimu. Kisha likaja daftari la majina, kwa maana huwezi kugawa zamu bila kujua nani ni nani. Kisha vifaa vichache vinavyotumika kila siku. Majengo yalikuwa ya mwisho. Mtu atasema kwamba ile ilikuwa dharura, na kwamba shule ya mjini inayotoza ada haiwezi kuanza chini ya mti. Ni kweli, wala sheria haitaruhusu, na usalama wa watoto hautaki mchezo: Septemba 2019 katika mtaa wa Dagoretti, Nairobi, darasa la ghorofa lililojengwa kwa mbao na mabati liliporomoka asubuhi likaua watoto. Jengo dogo la chini, imara, lenye madirisha makubwa, vyoo na maji, latosha. Tunachosisitiza ni mpangilio wa fedha: mshahara wa mwalimu uhesabiwe kabla ya rangi.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Shule ina watoto 60, ada ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Kwa kalamu ni shilingi 18,000,000. Lakini robo ya ada haitalipwa kwa wakati, na mwenye busara huihesabu kama haipo; zabaki 13,500,000. Walimu watatu kwa shilingi 300,000 kila mwezi, kwa miezi 12 na siyo 9, ni 10,800,000. Ongeza mchango wa mwajiri katika Mfuko wa NSSF, asilimia 10, yaani 1,080,000. Kilichosalia ni shilingi 1,620,000 kwa chaki, vitabu, mlinzi, maji na kodi. Hapo gari halimo. Anayeliingiza gari atalitoa katika mshahara wa mtu, na mtu huyo ni mwalimu wa Darasa la Kwanza.

Juu ya ukusanyaji wa ada twasema kwa ufupi: ufuate mfuko wa mzazi. Mkulima wa mahindi, maharage au tumbaku hana fedha Januari. Mwenye duka anazo kidogo kidogo kila wiki. Kupokea magunia ya mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha mchana, kwa bei iliyokubaliwa na kuandikwa, ni utaratibu mwema kuliko kumrudisha mtoto nyumbani kila Jumatatu. Mtoto anayerudishwa hovyo hukosa silabi, na silabi iliyokosekana haionekani katika daftari la ada.

Sasa tuje katika jambo ambalo wenzetu wengi hawatakubaliana nasi, nalo ni lugha. Shule nyingi ndogo huanzishwa kwa sababu moja tu: mzazi anataka Kiingereza. Twamwelewa mzazi huyo. Anajua kwamba mtihani wa sekondari utamkuta mtoto wake katika lugha hiyo. Lakini mtoto wa Nemba huzungumza Kisubi, Kihangaza, Kisukuma au Kiha nyumbani, naye Kiswahili amekipata uwanjani na sokoni. Ukimkabidhi Darasa la Kwanza mwalimu ambaye mwenyewe hana uhakika wa Kiingereza chake, mtoto atakariri nyimbo na salamu, wazazi watapiga makofi siku ya mahafali, na mwezi unaofuata hataweza kusoma sentensi moja asiyoizoea. Kiswahili kimetujalia tahajia nyepesi: herufi moja, sauti moja, silabi zinazojipanga. Mwalimu mwenye subira, mwenye kadi za silabi alizozikata mwenyewe katika maboksi, aweza kumfikisha mtoto kwenye kusoma ndani ya mwaka mmoja. Kiingereza kifundishwe kama somo, kifundishwe vizuri, na kwa mdomo kabla ya daftari. Kama waanzilishi hawana mwalimu wa kukifundishia masomo yote, basi wasiandike kwenye kibao kwamba wanaye.

Tabia nyingine inayotuchukiza ni mchujo. Shule huwapima watoto wa miaka sita kwa usaili ikawakataa wasiojua, kana kwamba hospitali ingewakataa wagonjwa. Kisha, karibu na mtihani wa Darasa la Nne au la Saba, huwaambia wazazi wa wanyonge wahamishe watoto ili wastani usiharibike. Serikali imekataza jambo hilo mara kadhaa, na mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, hatua tuliyoifurahia. Lakini tangazo la shule bado huandikwa kwa wastani. Mwanachuo aliyefundishwa mbinu za kumsaidia mtoto mzito, halafu akaajiriwa kumfukuza, ametupiwa mafunzo yake jalalani. Shule ndogo ina nafasi ambayo shule ya watoto 150 darasani haina: mwalimu anaweza kukaa na mmoja mmoja. Ikiwa haiitumii nafasi hiyo, hatuoni kwa nini mzazi ailipe.

Aidha, ukubwa wenyewe usionewe aibu. Shule yenye walimu watatu na madarasa manne italazimika kuunganisha madarasa mawili katika chumba kimoja. Wengi hulificha jambo hili kwa mthibiti ubora. Kwa kweli ni ufundi unaofundishika: Darasa la Tatu wanapofanya hesabu zilizoandikwa ubaoni mapema, la Nne husoma kwa sauti, viongozi wa vikundi hukusanya kazi, andalio la somo huwa na safu mbili. Ugumu ni kwamba mwalimu hawezi kuingia bila maandalizi hata siku moja.

Kudumu ni kazi nyingine kabisa. Machi 2020 shule zilifungwa nchini kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, za msingi zikafunguliwa tena mwishoni mwa Juni. Miezi mitatu tu, lakini shule zilizotegemea ada ya mwezi kulipa mshahara wa mwezi huohuo zilijikuta mikono mitupu. Uganda zilifungwa, kwa vipindi, hadi Januari 2022, na shule binafsi zisizo na akiba hazikufunguka tena. Majengo mengine yakageuzwa kuwa ya biashara. Kwa sababu hiyo twashauri akiba ya mishahara ya miezi mitatu iwekwe benki kabla ya mtoto wa kwanza kuandikishwa, hata kama kufanya hivyo kutachelewesha ufunguzi kwa mwaka mzima.

Na shule ikishindwa? Wenzetu hawapendi kuulizwa swali hili, lakini shule ndogo nyingi hufa, na kufa kwake kuna utaratibu. Kumbukumbu za kila mtoto, yaani tarehe ya kuandikishwa, mahudhurio na maendeleo yake katika kusoma, kuandika na kuhesabu, ziwe zimeandikwa wiki kwa wiki kwa namna ambayo mwalimu mgeni aweza kuzisoma. Wakati wa kufunga, Afisa Elimu aarifiwe mapema, kila mzazi apewe barua ya uhamisho, na walimu waende wenyewe katika shule ya Serikali iliyo karibu wakawakabidhi watoto kwa majina, wakieleza nani amefika silabi ipi.