Mkulima, mjue anayekusafishia maji ya shamba

MKULIMA wa mpunga anamfahamu muuza mbolea, dalali na mwenye mashine ya kukoboa. Ni wachache wanaomfahamu mtumishi anayehudumia mabwawa ya majitaka, ilhali mavuno ya baadhi yao yanaanzia mikononi mwake.

Chukua mfano wa Mabogini, nje kidogo ya mji wa Moshi. Majitaka ya mjini husafishwa kwenye mabwawa yaliyopo huko, na wakulima huyaelekeza maji yanayotoka hadi kwenye majaruba ya mpunga. Faida yake ni kubwa. Maji hayo yapo hata kiangazi, tena yana naitrojeni na fosforasi, hivyo humpunguzia mkulima gharama ya mbolea.

Hata hivyo, mabwawa hayajiendeshi yenyewe. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, tope huzama pamoja na mayai mengi ya minyoo. Katika yanayofuata, mwani hutoa hewa ya oksijeni inayowawezesha bakteria kula uchafu. Katika ya mwisho, yenye kina kifupi, jua husaidia kuua vijidudu vya maradhi. Safari hiyo huchukua siku kadhaa na haina njia ya mkato.

Hapo ndipo kazi ya mtumishi huyu inapoonekana. Huondoa matambara na plastiki kwenye chujio, huopoa utando juu ya maji, hufyeka nyasi kingoni ili mbu wasizaliane, hupima kiasi cha maji yanayoingia na kuchukua sampuli za kupelekwa maabara. Aidha, hufuatilia tope. Likifika takriban theluthi ya bwawa la kwanza, wakati wa kuliondoa umewadia. Likiachwa, nafasi hupungua, maji hupita haraka mno, na mayai ya minyoo huishia shambani. Mkulima asiyevaa buti ndiye wa kwanza kuumia, kwani mnyoo wa safura hupenya kwenye ngozi ya miguu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 1989 ulitaka maji ya aina hii yasizidi yai moja la minyoo kwa lita. Kwa mazao yanayoliwa mabichi, bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100. Mwongozo wa mwaka 2006 uliongeza kwamba kinga iwepo katika kila hatua, kuanzia bwawani, shambani, sokoni hadi jikoni.

Nionavyo mimi, yapo mambo matatu ya kufanya. Kwanza, vikundi vya wamwagiliaji viombe majibu ya vipimo vya maji na yabandikwe mahali pa wazi. Mkulima asiyeyaona asipande nyanya wala mboga za kachumbari kwa maji hayo.

Pili, wafanyabiashara wadogo waache kugeuza mabomba ya majitaka kuwa jalala. Mafuta ya kukaangia huganda na kuziba mabomba, na yakifika bwawani hutanda juu na kuzuia hewa na mwanga. Oili chafu ya gereji huua bakteria wale wale wanaofanya kazi ya kusafisha.

Tatu, mwajiri ampe mtumishi huyu glavu, buti, mafunzo, na chanjo za homa ya ini na pepopunda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Mtumishi asiye na vifaa hukwepa kazi chafu, na kazi chafu isipofanyika bwawani, uchafu unahamia jarubani.

Wapo wanaomcheka kwa sababu ya harufu ya kazi yake. Wakumbuke kwamba mteja akisikia mchele au mboga za eneo fulani zimeleta maradhi, hatauliza nani alizembea bwawani. Ataacha kununua, na hasara itakuwa ya mkulima na mchuuzi.